Haki Tunazo, Mlango Hatuujui: Vijana wa Kisii na Nyamira, Someni Sheria



Matokeo ya KCSE yakitoka, swali ni lile lile kila nyumba: "Sasa utasomea nini?" Majibu tumeyazoea. Huyu uuguzi, yule ualimu, mwingine biashara, mwingine anatafuta pasipoti aende Qatar au Saudia. Zote ni njia za halali, Mwenyezi Mungu azitie baraka. Lakini hebu tuulizane bila kuoneana haya: kati ya vijana wanaoswali Kisii mjini, Nyamira, Keroka na Ogembo, ni wangapi walioulizwa swali hilo wakajibu "sheria"?

Tunachosema leo ni kimoja tu. Sisi Waislamu wa sehemu hizi ni wachache, na mara nyingi tunalia kwamba tunanyimwa haki. Kilio kina ukweli wake. Lakini ukifungua Katiba ya 2010, haki zimo, zimeandikwa wazi. Tunachokosa ni watu wetu wanaojua haki hiyo inadaiwa kwa mlango gani, kwa karatasi gani, na kabla ya siku gani. Hayo ndiyo mambo yanayofundishwa katika shahada ya sheria, na ndiyo sababu tunataka kijana wa Gusii aende akakae kwenye lile darasa.

Tuanze na kesi mbili zilizotugusa sote.

YA KWANZA NI HIJABU YA ISIOLO

Wengi mliisikia lakini si wengi mlioisoma mpaka mwisho. Shule yenyewe ni St. Paul's Kiwanjani, sekondari ya kutwa mjini Isiolo, mfadhili wake ni Kanisa la Methodist. Wasichana wa Kiislamu walitaka wavae hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare ya shule. Kanisa likaenda Mahakama Kuu kupinga. Mzazi mmoja akaomba aingizwe kwenye kesi kama mtu mwenye maslahi, na akiwa humo humo ndani akawasilisha ombi lake la kuwatetea mabinti.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikalipa Kanisa ushindi. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo, ikasema mabinti waruhusiwe. Takbira zilisikika kila mahali. Kisha tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta ushindi ule wote.

Sasa sikilizeni sababu. Majaji walio wengi hawakusema hijabu haina nafasi shuleni. Walisema mtu aliyeingia katika kesi ya wenzake kama mwenye maslahi hana ruhusa ya kuleta ombi jipya la kwake ndani ya kesi hiyo. Akitaka, afungue kesi yake mwenyewe Mahakama Kuu, ianze upya. Swali kubwa ambalo kila mzazi Muislamu alikuwa akilisubiri lilibaki halijajibiwa. Miaka mitano ya kupanda ngazi za mahakama, na mwisho wake tukaambiwa tumeingilia mlango usiokuwa wetu.

Kuna watu waliposikia hivyo walisema, "Si mnaona, hawa wanatuchukia." Mwanafunzi wa sheria akiisoma hukumu ile anaona kitu kingine. Anaona kwamba hoja yaweza kuwa nzuri na bado ikaanguka kwa sababu ya namna ilivyoletwa. Na anajua cha kufanya kesho yake. Anayelaani tu hajui aanzie wapi.

YA PILI NI HUDUMA NAMBA, NA HII INATUHUSU KWA KARIBU

Ndugu zetu Wanubi mnawajua, mnaswali nao hapo Kisii mjini. Wazee wao walitolewa Sudan na Waingereza wakiwa askari, wakatumika katika King's African Rifles, wakaachwa katika miji ya Kenya: Kibera, Kisumu, Kisii na kwingine. Wamezaliwa hapa vizazi na vizazi, lakini kwa miaka mingi kijana wa Kinubi akienda kuchukua kitambulisho alizoea kuulizwa maswali ambayo mwenzake wa darasa moja hakuulizwa. Aliambiwa aletе karatasi za babu, asubiri kamati imhoji.

Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika inayoshughulikia haki na ustawi wa mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia na haki ya kutobaguliwa. Halafu serikali ilipoleta Huduma Namba mwaka 2019, shirika la Nubian Rights Forum lilikwenda Mahakama Kuu pamoja na mashirika mengine ya haki. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka: asiye na kitambulisho atafungiwa nje ya mfumo mpya, na taarifa za watu zinakusanywa bila ulinzi wa kutosha. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakatoa hukumu. Kuchukua DNA na kunasa mahali mtu anapoishi kwa GPS kukakataliwa kwamba hakupatani na Katiba, na serikali ikaambiwa isiendelee mpaka kwanza kuwe na sheria na kanuni kamili za kuusimamia mfumo huo.

Hapo serikali nzima, yenye mawakili wake na bajeti yake, ilisimamishwa na jamii ambayo hata kwenye ramani ya Kenya wengi hawaioni. Walishinda vipi? Walijiandaa. Walikuwa na kumbukumbu za watu walionyimwa vitambulisho, walikuwa na vijana waliofunzwa kama wasaidizi wa kisheria mitaani, na walikuwa na mawakili waliojua ombi gani lipelekwe mahakama gani.

Wekeni kesi hizi mbili ubavuni mwa nyingine. Zote zilikuwa na Waislamu wenye malalamiko ya kweli, na zote zilisimama juu ya Katiba ile ile.

DARASANI KUNASOMWA NINI?

Vijana wengi wanadhani kusomea sheria ni kukariri vifungu, au kujifunza kubishana kwa Kiingereza kizito. Si hivyo. Sheria ya Elimu ya Sheria ya 2012 imetaja masomo 16 ambayo kila chuo kinachotoa shahada hiyo lazima kiyafundishe: mikataba, jinai, ushahidi, katiba, ardhi na mali, familia na urithi, kazi na ajira, na mengine. Mojawapo linaitwa Legal Systems and Methods, yaani mifumo ya sheria na namna ya kuitumia. Ukituuliza sisi, hilo ndilo la kutia maanani kwanza, manake linakuonyesha nyumba yote kabla hujaingia chumba kimoja kimoja.

Humo utakutana na sheria inayoitwa Judicature Act, Sura ya 8 ya sheria za Kenya. Inapanga nini kinatangulia nini. Katiba juu kabisa, kisha sheria zilizotungwa, kisha, pale palipo na pengo, sheria ya desturi ya Uingereza pamoja na baadhi ya sheria zake zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Soma tena tarehe hiyo. Mwaka 1897 hakuna Mwingereza aliyekuwa akitawala Gusii. Misafara yao ya kijeshi ilikuja 1905, na tena 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa wao Northcote. Siku ile ya 1897 wazee wa Gusii walikuwa wakikata kesi zao kwenye etureti, baraza lao, na Mwingereza hawamjui. Lakini mpaka leo, katika korti ya Kisii, tarehe hiyo ya kigeni ina uzito wake.

Na mila zetu je? Sheria hiyo hiyo inasema mahakama ziongozwe na mila za Kiafrika katika kesi za madai, ilimradi mila hizo hazikiuki haki na maadili wala hazigongani na sheria iliyoandikwa. Na sheria ya Kiislamu? Imetajwa na Katiba yenyewe. Kifungu cha 170 kinaweka Mahakama za Kadhi, zisikilize mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kesi yao isikilizwe na Kadhi.

Sasa shika hiyo sentensi ya mwisho vizuri, manake ndipo watu wa Kisii na Nyamira wanapokwama. Pwani au Garissa, familia nzima mara nyingi ni ya Kiislamu. Kwetu nyumba moja ina Msabato, Mkatoliki na Muislamu, na wote wanakula chungu kimoja.

Chukulia mfano huu wa kubuni. Mzee wa Nyamira alisilimu akiwa mtu mzima. Ana ekari tatu za majani chai. Mke wa kwanza na watoto wake ni Wasabato. Mke wa pili na watoto wake ni Waislamu. Mzee anafariki. Ndugu zake wanasema shamba ligawiwe kwa mila ya Kigusii, kila nyumba fungu lake. Watoto wa mke wa pili wanasema twende kwa Kadhi. Wale wa kwanza wanasema sisi Kadhi hatumjui, twende korti ya Nyamira.

Nani ana haki hapo? Kadhi hawezi kuisikiliza, kwa sababu pande zote si Waislamu. Kwa hivyo kesi inakwenda mahakama ya kawaida. Lakini subiri! Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inasema mali ya mtu aliyefariki akiwa Muislamu inagawiwa kwa sheria ya Kiislamu. Yaani kwa upande wa mahakama tunatazama dini ya wanaodai, na kwa upande wa mgawanyo tunatazama dini ya marehemu. Basi kuna uwezekano hakimu ambaye si Muislamu akakaa Nyamira, mbele ya mawakili ambao si Waislamu, akitakiwa kuamua jambo la faraidh. Atategemea nini? Atategemea atakachowekewa mezani na mawakili. Na kama wakili aliyesimama hajawahi kuifungua Minhaj ya Imam Nawawi, atamwekea nini?

Tazameni jambo jingine. Katika yale masomo 16 ya lazima, sheria ya Kiislamu haimo kama somo la kujitegemea. Mtu anaweza kumaliza shahada, akawa wakili mzuri kabisa, bila kujua thumuni na sudusi zinatoka wapi. Huo si ubaya wake. Lakini ni pengo, na hakuna atakayelijaza kama si kijana aliyesoma madrasa na akasoma chuo kikuu pia.

Na msidhani mambo haya yamesimama. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mirathi iliyotoka Pwani. Ilisema kumnyima mtoto urithi wa baba yake Muislamu kwa sababu tu wazazi hawakuwa wameoana ni ubaguzi usiokubalika kikatiba, na kwamba ile ruhusa ya Kifungu cha 24 ya kutumia sheria ya Kiislamu mbele ya Kadhi isomwe kwa upana mdogo. Masheikh wengi waliumia na wakasema. Wengine waliona ni haki kwa mtoto asiye na kosa. Wewe una maoni yako, na una haki nayo. Lakini jiulize: mjadala huo ukirudi mahakamani, na utarudi, maneno ya maana yatasemwa na nani? Hayatasemwa kwenye simu zetu baada ya Isha. Yatasemwa kwa maandishi, ndani ya muda uliowekwa, na watu wanaotambuliwa na mahakama kuwa mawakili.

NA HUKU CHINI, KITUONI?

Si kila jambo linafika Mahakama ya Juu. Mengi yanaishia kwenye kaunta ya kituo cha polisi. Kijana wa boda boda ameshikwa, mama anapiga simu kwa imamu, imamu anapiga simu kwa mtu anayemjua mkubwa fulani. Ndiyo mbinu yetu, na siku yule mkubwa akihamishwa tunabaki bila mtu.

Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuzungumza na wakili. Na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Hiyo ya saa 24 wengi mnaijua. Isiyojulikana ni inayofuata: saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, au siku ambayo mahakama haikai, basi mwisho ni siku ya mahakama inayofuata. Kwa hivyo aliyeshikwa Ijumaa jioni anaweza kubaki ndani mpaka Jumatatu, na askari hajavunja sheria. Kijana anayelijua hilo hatapoteza Jumamosi nzima akigombana langoni. Ataitumia kutafuta wakili, kuandaa wadhamini, na kuhakikisha Jumatatu asubuhi kuna mtu mahakamani.

Na nyanya yake anayeongea Ekegusii tu, akiitwa kortini yeye kama mshtakiwa, Kifungu cha 50 kinampa mkalimani bila kulipa hata shilingi. Ni wangapi wamejibu "ndiyo" kwa jambo wasilolielewa kwa sababu hakuna aliyewaambia hayo?

"HIYO NI SHERIA YA WAZUNGU"

Tunajua kuna wanaosema Muislamu hana haja na masomo haya, sheria yetu ni moja tu. Tunawaheshimu, lakini tunawauliza: Mahakama ya Kadhi mnayoitaka, imesimama juu ya nini? Imesimama juu ya Kifungu cha 169 na 170 cha Katiba. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua: ukanda wa Pwani uwe sehemu ya Kenya, na mamlaka ya Makadhi yahifadhiwe. Hiyo ilikuwa kazi ya maandishi. Mwaka 2004 viongozi wa makanisa walikwenda mahakamani kuzipinga, na tarehe 24 Mei 2010 Mahakama Kuu ikakubaliana nao kwamba kuziweka ndani ya katiba ya wakati ule hakukuwa sawa. Kama si Katiba mpya kupitishwa kwenye kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Waliozitetea Mahakama za Kadhi katika miaka ile walihitaji kuijua sheria ya dini na sheria ya nchi kwa pamoja.

Wala si jambo geni kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947, alichapisha gazeti la Al-Islah pale Mombasa mwaka 1932 akiwahimiza Waislamu wasome na waache kubaki nyuma. Abdul Majid Cockar alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 1994 hadi 1997. Mohammed Ibrahim aliingia Mahakama ya Juu ilipoanza mwaka 2011. Njia ilishapitwa. Na Gusii pia si jangwa la wanasheria: Charles Nyachae wa Kisii ndiye aliyeongoza tume ya kusimamia utekelezaji wa Katiba hii tunayoisema. Kinachokosekana ni mtoto wa Gusii aliye Muislamu kwenye safu hiyo, na safu haijafungwa.

Wengine wanasema mawakili ni waongo. Wako, kama walivyo wafanyabiashara waongo sokoni Daraja Mbili, na bado hatujaharamisha biashara. Ukiogopa uongo wa mawakili, peleka mkweli huko.

NJIA YENYEWE IKOJE?

Tuseme ukweli wote, tusidanganyane. Ni ndefu.

Shahada ni miaka minne. Baadaye unakwenda Kenya School of Law, kule Karen, Nairobi, kwa mafunzo ya uwakili. Mitihani inasimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na wengi huirudia. Unakaa miezi sita chini ya wakili mzoefu. Ukimaliza yote unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu, jina lako linaingia kwenye orodha ya mawakili.

Alama zinazojulikana kwa miaka sasa ni wastani wa C+ katika KCSE, na B kamili katika Kiingereza au Kiswahili. Umeona hapo? Au Kiswahili. Lugha unayoisoma sasa hivi inaweza kukufungulia mlango. Masharti haya yamebishaniwa sana mahakamani, kwa hivyo soma tangazo la mwaka wako, usitegemee maneno ya kuambiwa. Na kabla hujalipa ada popote, hakikisha chuo hicho kina leseni ya Baraza ya kufundisha sheria. Karatasi ya chuo kisicho na leseni haitakufikisha Karen.

Si lazima uende mbali. Kisii University, iliyopata hati yake Februari 2013, ina kitivo cha sheria papo hapo Kisii. Unaweza kusoma ukilala kwenu na kuswali msikiti wako ule ule. Dada zetu, hili tunalisema kwenu hasa. Mzazi anayesita kumpeleka binti Nairobi ana sababu moja kidogo ya kukataa. Na masuala ya talaka, matunzo na mirathi yanawaangukia wanawake kwanza. Mama aliyeachwa na watoto wanne angependa kumwelezea mwanamke mwenzake.

Pesa ni mtihani mkubwa. Mkopo wa HELB unatozwa riba ya asilimia 4, na kuna vijana wanaouacha kwa sababu hiyo. Hatutatoa fatwa hapa, waulizeni wanazuoni wenu. Lakini kamati za misikiti tunaziambia: kama tunamwambia kijana riba haifai, basi tumwonyeshe pesa isiyo na riba iko wapi. Tunachanga kwa ajili ya zulia, minara na vipaza sauti, na ni jambo la kheri. Mwaka huu tuchange pia kwa ajili ya mtoto mmoja tu wa kusomea sheria, kutoka kwa jamaa za Kisii na Nyamira kwa pamoja. Mmoja, mpaka aapishwe. Kisha wa pili.

Na asiyefikia alama asikate tamaa. Kuna diploma ya sheria ya wasaidizi wa kisheria. Msaidizi mmoja anayejua kazi yake, aliye karibu na kituo na korti, ni faida kwa mtaa mzima.

TUANZE NA NINI?

Wewe wa sekondari: pigana na Kiswahili chako na Kiingereza chako kuanzia leo. B haipatikani wiki ya mtihani.

Wewe uliye likizo: tafuta asubuhi moja, vaa vizuri, nenda korti ya Kisii, Nyamira, Keroka au Ogembo, ukae kwenye viti vya nyuma. Kesi husikilizwa hadharani, hulipi kiingilio. Zima simu, sikiliza. Tazama nani anasimama, nani anaulizwa, nani hana mtu wa kumsemea. Siku moja hapo itakufundisha kuliko video mia.

Wewe uliye chuoni tayari: hukumu zote tulizozitaja zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Anza na ile ya hijabu ya 2019. Isome yote, uone palipovunjika. Kisha njoo msikitini uwaeleze wenzako kwa Kiswahili chepesi.

Nanyi wazazi na maimamu: mtoto akisema anataka sheria, msimcheke wala msimwambie hiyo ni ya watoto wa wakubwa. Kile swali cha hijabu bado hakijajibiwa na Mahakama ya Juu. Kuna siku kitarudi, pengine kwa sababu ya binti wa shule ya hapa hapa Gusii. Tungependa siku hiyo anayesimama kumsemea awe ameketi nanyi kwenye mkeka mmoja, na awe anajua mlango wa kuingilia.

Mwenyezi Mungu awafungulie. Mtumie kijana mmoja ujumbe huu, yule unayejua ana kichwa lakini hajui aende wapi.

Wabillahi tawfiq.